Visa ya Msalani

Wasikilizaji wapendwa, kama mlisikia kimya kabla sijafungua mdomo, mitambo haikuharibika. Nilinyamaza dakika moja kwa ajili ya Iluminada Ompad. Manang Luming, yaani dada mkubwa, kama tulivyomwita sote. Amefariki Jumapili hospitalini, kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio. Manang Luming wa kiwanda cha nyaya, hapa hapa kisiwani Mactan, Cebu, amefariki. Figo.

Niwaambie ukweli, nimechoka. Huyu ni wa nne ninayemtangaza mwaka huu kutoka sakafu ile ile ya kiwanda.

Kazi yenyewe mnaijua. Nyaya za gari zinafungwa kwenye ubao unaotembea, tawi kwa tawi, hadi zinakuwa fungu moja la kuingia kwenye gari zima. Ubao hausimami. Luming alisimama mbele ya ubao huo miaka kumi na tisa. Kiwanda kilikuwa na wateja sita, wote kampuni za magari. Kilikuwa na laini nane, yaani safu nane za kazi. Kila laini wanawake arobaini, na kila laini kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Bila kibao shingoni, huendi msalani. Nasema tena: kibao kimoja, watu arobaini. Wakakiita visa, maana kukipata kulikuwa kazi kuliko kupata ile ya Kanada.

Enzi hizo mimi nilikuwa napakia makasha kiwandani humo, mlango wa pili, nikiwasikia.

"Visa iko wapi?"

"Kwa Nenita. Kaondoka nayo tangu saa mbili."

"Kwani kahamia huko?"

"Ana watoto watano nyumbani, dada. Mwache apumzike."

Walikuwa wakicheka hivyo, na walikuwa wameacha kunywa maji. Kila mchana Luming alikula wali wake wa puso, ule wa kupikwa ndani ya majani ya mnazi, na samaki mkavu, chumvi tupu, na chupa ya maji ilirudi nyumbani imejaa. Dada yake mkubwa, Perpetua, aliniambia: "Nilikuwa namgombeza. Ananijibu, 'Manang, nikinywa nitaomba, na nikiomba nitatazamwa.'"

Wakaguzi walikuwa wanakuja. Kila kampuni ya magari ilituma wake, siku yake, na karatasi yake. Karatasi zote ziliuliza kama vyoo vinatosha na kama ni visafi. Vilitosha. Vilikuwa visafi kuliko kanisa. Mkaguzi mmoja, bwana mnene mpole, alisimama mlangoni akavisifu, na meneja pembeni akatabasamu.

Siku hiyo visa ilikuwa shingoni mwa Luming. Aliwapita, akaingia, akatoka na kipande cha sabuni.

"Bwana, hebu soma hapa."

Mkaguzi akasoma jina la sabuni. Herufi zilikuwa bado zimechongoka, kama imetoka dukani.

"Iliwekwa wakati wa Kwaresima," Luming akasema. "Sasa ni Agosti. Tuko mia tatu na ishirini. Angekuwa mkeo, usingemuuliza ananawa wapi?"

Meneja akaacha kutabasamu. Wiki ile ile Luming alihamishiwa kituo cha mwisho cha laini, mbali kabisa na mlango wa choo.

Mkaguzi aliandika. Kampuni yake ikakibana kiwanda na vibao vikaondolewa. Siku kumi na moja tu. Kisha vikarudi, kwa sababu kampuni nyingine tano zilitaka mzigo wao kwa wakati na hazikuwa zimeuliza kitu. Mwenye kiwanda alisema wazi: nikipunguza mwendo kwa ajili ya huyu, wale watanihama. Na hakuna kampuni iliyotaka kuwa peke yake.

Luming akamwandikia yule mkaguzi barua kwa mkono. Nakala anayo Perpetua. Inasema: "Mkija mmoja mmoja mnadanganywa mmoja mmoja. Njooni wote siku moja."

Barua hiyo ilijibiwa baada ya miaka minne. Miaka minne, wasikilizaji. Ubao haukusimama. Mwishowe kampuni zote sita, zinazogombania wanunuzi hao hao, zikakaa meza moja kwenye hoteli mjini Cebu, zikamwita Luming. Bwana mmoja akamuuliza: kwa zamu moja, mtu aruhusiwe mara ngapi?

"Wewe umekwenda mara ngapi tangu tuanze?"

"Mara... mbili."

"Ulimwomba nani?"

Nimeambiwa wote walicheka isipokuwa huyo bwana na Luming.

Ikaandikwa karatasi moja, ikatiwa saini sita. Vibao viondolewe. Kila laini iwe na watu wawili wa kushika nafasi ya anayetoka. Wakaguzi waje pamoja, bila kutangaza. Na simu ya malalamiko iwe moja, apokee mtu anayesema Kisebuano, lugha yetu. Karatasi moja, saini sita. Safari hii vibao havikurudi.

Ila figo zake zilikuwa zimeshakwisha. Mimi si daktari, na daktari hakuandika popote kwamba ni kibao. Nasema nilichokiona kwa miaka.

Mumewe, Crispulo, alikaa naye wodini wiki tatu. Haya ni maneno yake: "Akawa ananyoosha mkono, kama yuko kwenye laini kiwandani. Nesi akipita anamwambia, 'Madam, naomba ruhusa.' Nikamwambia, Luming, hapa huombi. Akaniuliza, 'Nani atashika nafasi yangu?' Nikasema mimi. Ndipo akakubali kuinuka. Nikakaa kitandani kwake mpaka aliporudi."

Na bado, wasikilizaji wapendwa, karatasi ile inaishia kwenye geti la kiwanda kikubwa. Karakana ndogo zinazokifungia vipande hazimo. Mwezi uliopita nilipita kwenye mbili. Vibao vinaning'inia. Nilipiga ile simu, nikaambiwa litaangaliwa.

Crispulo, Perpetua, poleni sana. Tunalia nanyi. Nanyi wakuu wa laini mnaonisikiliza, nawajua kwa majina. Fikirieni mnamnyima mtu kitu gani.

Mazishi ni kesho saa kumi alasiri. Yalikuwa yamepangwa saa nane. Familia imeyasogeza hadi zamu ya asubuhi itoke, ili mfike nyote bila kumwomba mtu ruhusa.