Ukumbi Usio na Viti

Wasikilizaji wapendwa, leo sina nguvu ya kupamba maneno. Immakulata Kamugisha amefariki. Mpiga enanga, ile ala yetu ya nyuzi. Mtunga mashairi. Mwenye ukumbi wa maigizo pale Kemondo. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka themanini na moja.

Alizaliwa karibu na Rubya, katikati ya migomba na mibuni. Baba yake alimwambia, "Mwanamke hapigi enanga." Binti akangoja baba aende shamba, akapiga. Aliwaimba wavuvi waliozama ziwani, kisiwani Bumbire, kwa majina, mmoja mmoja. Hata Mhoja, mvuvi ambaye hapakuwa na aliyejua kwao.

Ukumbi wake ulikuwa ghala kuukuu la kahawa. Haukuwa na viti. Kila Jumamosi alitandaza nyasi mbichi sakafuni, kama nyumba ya Mhaya inayongoja wageni. Padri alikaa chini. Mchuuzi wa dagaa alikaa chini.

Kosa lake ni hilo. Afisa mmoja alikuja na mgeni rasmi, akadai viti. Nilikuwepo. Immakulata akamjibu, "Waitu, ndugu yetu, nyasi ni mpya. Au suruali ndiyo mpya?"

Tulicheka sana. Wiki iliyofuata ukumbi ukafungwa. Sababu iliyoandikwa: hauna viti.

Miaka sita, wasikilizaji. Tuliandika barua. Njoo kesho. Faili halionekani. Njoo kesho. Wengi wetu tukachoka, na mimi nikiwemo. Yeye kila Jumamosi alikata nyasi, akatandaza nje ya mlango wenye kufuli. Binti yake Renatha anasimulia: "Nikamuuliza, Mama, unamtandikia nani? Akasema, 'Wakifungua ghafla, watu watakaa wapi?'"

Hawakufungua.

Juzi mazishini, afisa yule yule alikuja kusoma salamu. Tumepoteza hazina, anasema. Hazina! Watu wakamkimbilia na kiti cha plastiki. Renatha akakizuia kwa mkono. "Waitu, msiba hauna viti."

Afisa akaiangalia suruali yake. Akakaa kwenye nyasi. Amechelewa miaka sita.

Renatha, wajukuu, ukoo wote, poleni sana. Na sisi tuliobaki, tujiulize kwa nini tulichoka kabla ya bibi wa miaka themanini. Kufuli bado lipo mlangoni. Jumamosi hii Renatha anakata nyasi.

Mwenye mundu aje nao.