Vidole Viwili vya Fundi Savarimuthu

Marehemu Savarimuthu, fundi cherehani, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 huko Champion Reefs, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kolar, mtoto wa tatu wa mchimbaji Chinnappa. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba. Hapo mwalimu wa hesabu alivaa suruali aliyoshonewa na marehemu, akamwambia babu yetu kwamba kijana huyu hesabu hazihitaji tena.

Tarehe 8 Mei 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Jacintha, hapa Bengaluru. Blauzi ya bibi harusi aliishona mwenyewe, na kwa kawaida yake akaacha ndani ya kila mshono vidole viwili vya kitambaa, ili nguo iweze kufumuliwa na kupanuliwa baadaye. Shangazi wa bibi harusi aliigeuza ndani nje, akafoka, "We fundi, unatuambia binti yetu atanenepa?"

"Shangazi, mimi sijasema kitu. Kitambaa kimekaa tu."

Mama aliivaa blauzi ile hadi mwaka 1991. Naona ananitazama, kwa hiyo niendelee.

Mwaka 1986 marehemu aliajiriwa na kituo cha vyombo vya anga. Alidhani anakwenda kushona mapazia. Kumbe chombo cha anga nacho huvishwa: mablanketi ya karatasi laini za rangi ya dhahabu, tabaka juu ya tabaka, ya kukikinga na jua na baridi. Alishona hayo miaka ishirini na mitano, amefunikwa nguo nyeupe hadi machoni, akilalamika kwamba haruhusiwi kushika pini mdomoni.

Mwaka 2010 kikaja chombo cha kwenda sayari ya Zuhura. Marehemu alikitaka sana kile, maana mwaka uliofuata angestaafu. Mhandisi mkuu, Dakta Vasudha, alimwonya kwa maandishi asiache ziada hata ya uzi, kisha akaja kumwambia kwa mdomo, "Mzee Muthu, chombo hakinenepi."

"Mama, wote husema hivyo siku ya kupimwa."

Blanketi lilipowekwa kwenye mizani, lilizidi gramu tisini. Marehemu akailaumu mizani.

Wiki mbili kabla ya chombo kupelekwa kwenye uwanja wa kurushia, kamera yake iliharibika. Kamera ya akiba ilikuwa pana zaidi, na blanketi likagoma kufunga. Kushona jingine kungechukua mwezi mzima, na Mei ikipita, Zuhura ingesubiriwa miezi kumi na tisa hadi iikaribie tena Dunia. Watu wenye shahada tatu tatu wakainamia vikokotoo vyao. Marehemu akainua mkono.

"Mama, nifukuze kazi kwanza, halafu nipe mkasi."

"Umefanya nini, Mzee?"

"Niliacha kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Vidole viwili. Kila upande."

Dakta Vasudha alimkazia macho. "Shona," akasema. "Nitakufukuza likishafunga."

Alifumua na kushona kwa siku tatu, na likafunga. Dakta hakumfukuza, alikwenda kuagiza chai. Siku ya kuruka sote tulikuwa mbele ya televisheni, na marehemu alipoambiwa kwamba nguo yake haionekani kwa kuwa imefungiwa ndani ya kichwa cha roketi, alinuna hadi jioni.

Julai 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alikonda sana, na iliniuma kumwona. Januari aliniita mimi bintiye, Arokia Mary, niliyefundishwa naye cherehani, nimpunguzie suti yake ya harusi.

"Punguza, lakini usikate."

"Appa, ziada ya nini tena?"

"Huko ninakokwenda sijui wanapikaje."

Alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, Jacintha, watoto wawili, mimi na Kulandai, wajukuu watano, na mteja mmoja aliye Zuhura, ambaye hadi leo hajarudi kulalamika.

Suti aliyovaa leo nimeipunguza kwa mkono wangu. Sikukata. Pumzika kwa amani, Appa, ule ushibe.