Mgeni Asiyepiga Hodi

Bibi aliyekuwa akifuma soksi hakutaka kusikiliza, ila masikio hayana pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, mpishi wa shule alikuwa akimnong'oneza fundi cherehani wake, na mnong'ono wenyewe ulimfikia hadi dereva wa basi.

"Mwenzangu, mgeni wangu wa mwezi amerudi. Kimya miaka sita, leo wiki ya pili. Ujana umerudi."

"Na kiuno nacho kimerudi?" fundi akauliza. "Mwaka huu magauni yako nimeyapanua mara tatu."

"Unene ni afya," mpishi akasema, akafungua soda ya pili.

"Kliniki walituambia unene ukizidi huuchokoza mji wa mimba. Na damu ikirudi baada ya kukoma ipimwe, isije ikawa saratani. Mgeni siku mbili, dada. Ya tatu mpe jembe."

"Nikapimwe, wanikute nayo?"

"Usipopimwa ndiyo haipo?"

Bibi akapoteza hesabu ya mishono. Basi likasimama kituo cha hospitali, na fundi akainuka kumpisha mwenzake. Mpishi akautazama mlango, akakaza kizibo. "Na soda yangu je?"

Mkono ukatokea nyuma, na uzi wa sufu vidoleni. "Lete nikushikie, mwanangu, wewe shuka ukapimwe," akasema bibi ambaye hakuwa akisikiliza.