Bi Agnes na Siku Ishirini na Moja za Ubaoni

Leo, tarehe 30 Juni, Bi Agnes Boniface anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ya usajili wa ndoa hapa Kilwa Masoko. Leo hii pia zinatimia siku ishirini na moja za tangazo la ndoa yake mwenyewe na Bwana Tawakali wa Mingoyo. Nani angeamini! Mimi sikuamini, na nitaeleza kwa nini.

Bi Agnes alishuka kutoka milima ya Matumbi akiwa msichana mwenye mwandiko mzuri na imani haba kwa binadamu. Wachumba walioingia wakichekeana aliwatenganisha, mmoja ndani, mwingine barazani, kisha akamuuliza kila mmoja jina la mama wa mwenzake. Wengine waliondoka wamenuna. Wakilalamika kwamba mambo yao ni ya wawili tu, aliwajibu kuwa ya wawili ni uchumba. Ndoa ina watoto, wakwe, mirathi na majirani, ndiyo maana sheria inataka itangazwe.

Na alitangaza kweli: nakala moja ubaoni kwetu, nyingine stendi ya Nangurukuru, kwenye macho ya watu. Nilimchukia alipobandika huko tangazo la mdogo wangu Redempta. Nikasema anatutia aibu. Siku ya ishirini akashuka mama mmoja kutoka Lindi, ana watoto wawili na cheti cha ndoa ya kanisani chenye jina la bwana harusi wetu. Shemeji akayeyuka. Redempta alilia wiki nzima. Leo ana mume, wa peke yake.

Tangu hapo nami nasoma kila fomu mara mbili. Nikasoma na ya Bi Agnes. Bwana Tawakali amejaza kuwa ni mgane, lakini cheti cha kifo cha marehemu mkewe hakimo! Mama huyu amewarudisha watu hadi Lindi kwa sababu ya muhuri uliofifia, leo mapenzi yamemziba macho? Niliogopa, jamani, nakiri. Siku kumi na saba nikamtazama Bwana Tawakali kwa jicho la pembeni, nikanyamaza.

Siku ya kumi na nane nikamuuliza Bi Agnes. Hakukasirika. Alifungua mkoba, akatoa cheti, akakiweka mezani pamoja na ufunguo wa kabati la rejista. Akasema alikuwa akisubiri kuona nani kati yetu atauliza, na kwamba nimechelewa siku kumi na saba. Nilikipokea, nikashukuru, kisha nikapiga simu Lindi kukihakiki. Ni halali.

Bi Agnes, ahsante kwa ukali wako, na ahsante zaidi kwa ajili ya Redempta. Tunakuombea afya, kicheko na nyumba yenye amani. Bwana Tawakali, karibu sana, tunakuangalia.

Mwenye pingamizi ana hadi saa tisa na nusu alasiri. Meza ni ileile, ila anayeuliza maswali sasa ni mimi.

Klementi Eusebio, karani wa usajili