Rafu za Mama Kuona

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wazee wawili mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka, asanteni kwa kunisimamisha. Chama kimeniomba niseme vile nilivyoanguka. Nitasema. Majina sitataja, maana wengine wao wako hapa hapa wanakunywa soda.

Mimi ni mtu wa kuota mchana. Hata mama yangu alikuwa ananiita mara tatu kabla sijageuka. Miaka ya tisini ikianza nilikuwa na duka moja Homa Bay: sabuni, chumvi, mafuta ya taa, majani ya chai. Likaenda vizuri. Nikafungua la pili Mbita, nikamweka wifi yangu, dada wa mume wangu. Halafu la tatu kisiwani Remba, nikamweka dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye. Yote matatu nikayapaka rangi ile ile ya buluu, nikatia vitu vile vile. Majembe yaliuzika Mbita, basi nikapeleka majembe Remba. Remba, ndugu zangu! Mwamba mtupu, mabati yamebanana, huna hata pa kupanda kitunguu. Chekeni tu. Yalikaa pale mpaka yakashika kutu.

Kutu sikuiona. Kila Jumatano nilipanda boti Mbita kwenda Remba, injini inanguruma polepole, maji yanang'aa mpaka macho yanajifunga yenyewe, na mimi naona maduka ya buluu yakitokea kila ufuo, Mfangano, Karungu, mpaka Muhuru. Nilikuwa na furaha, nisiwadanganye. Nikishuka nilitaka kitu kimoja: rafu zijae. Nilisimama mlangoni, nikatazama safu zilivyonyooka, moyo ukatulia, nikanywa chai nikarudi. Nikikuta pengo kwenye rafu niligomba mpaka jirani wanasikia.

Siku moja wifi akaja Homa Bay kutoka Mbita, vumbi mpaka kwenye nyusi. Dukani watu walikuwa wengi. Akaniambia, "Wifi, kule kwangu watu wanaingia na kutoka mikono mitupu. Kuna kitu hakiendi. Sijakijua bado, lakini kipo."

Mbele ya wateja wote nikamjibu, "Asiyeenda ni wewe. Rafu zangu zimejaa, nimeziona kwa macho yangu. Kama kazi imekushinda, sema."

Akakunja leso yake taratibu, akasema, "Sawa, mama." Hakuniita wifi tena. Na kutoka siku hiyo sikuletewa habari mbaya yoyote, si ya Mbita, si ya Remba. Nikafikiri tumepata amani.

Halafu gugumaji likafunika ghuba. Mnakumbuka. Boti hazikuweza kufika gatini Homa Bay, na wabebaji mizigo waliozoea kukaa kwenye ngazi ya duka langu wakahama. Nawaambia ukweli, nilifurahi ngazi imekuwa safi! Nilikuwa natoka nje nasimama, natazama yale maua ya zambarau yametanda mpaka mbali, naona ni kama shamba la mbinguni. Siku nilipoamka kuuliza wateja wako wapi, walikuwa wameshazoea maduka mengine. Nikafunga. Nilibaki na mawili, na yote mawili yalikuwa yanazimika kimyakimya. Yakifa, sisi wanawake watatu hatuna kitu kingine cha kula.

Jumatatu moja, kwa kukosa kazi Homa Bay, nikaenda Remba na boti ya samaki. Jua lilikuwa kali, nikajifunika leso kichwani, nikakaa kwenye benchi nje ya duka langu mwenyewe karibu na wanawake wanaoanika omena, dagaa wetu wa ziwa. Harufu, joto, sauti za maji. Nikaanza kusinzia.

Nikasikia mteja anaomba utambi wa taa ya presha. Mnajua omena huvuliwa kwa taa, bila utambi huendi ziwani.

"Onge," akasema yule dada wa duka. Yaani hakuna.

"Si naziona pale juu? Tatu!"

"Hizo si za kuuza. Ni za mama kuona. Anakuja Jumatano."

Yule mteja akacheka. "Basi mama aje avue omena nazo." Akavuka njia, akaingia duka la mtu mwingine.

Ndugu zangu, usingizi ulinitoka wote. Niliingia ndani. Dada akaniona, akashika meza. "Mama, leo si Jumatano," akasema. Nikavuta katoni ya sabuni kwenye rafu. Tupu. Nyingine, tupu. Alikuwa anasukuma vilivyobaki mbele, nyuma anapanga maboksi matupu, ili mimi nifurahi.

"Tangu lini?"

"Tangu ulivyomjibu wifi yako. Huku ziwani kila mtu alisikia. Nani tena angekuambia?"

Nilikaa juu ya gunia la chumvi nikalia. Sikumkasirikia. Niliona aibu.

Nikaenda moja kwa moja mpaka Mbita kwa wifi. Nilimtukana mbele ya wateja, basi mbele ya wateja nikamwambia nisamehe. Yeye alikuwa anapima sukari. Akaipima mpaka mwisho, akafunga karatasi, akampa mwenyewe. Ndipo akasema, "Kaa chini, wifi. Mambo ni mengi."

Ni yeye aliyeleta habari ya kopo. Kila mteja akiambiwa onge, muuzaji atumbukize punje moja ya maharagwe, na akumbuke mtu alitaka nini. Mimi nikifika, siku yoyote, nitazame kopo kabla ya rafu. Wiki ya kwanza kopo la Remba lilijaa mpaka wifi akauliza kama tuyapike. Utambi, mafuta ya taa, nyuzi za nyavu. Hakuna aliyeomba jembe! Polepole kila duka likawa na vitu vyake, na makopo yakaanza kukaa na punje chache. Duka la hapa Migori lilizaliwa hapo.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru dada wa Remba, na yule mteja aliyecheka, ambaye simjui mpaka leo. Namshukuru wifi, yule pale, anajificha nyuma ya kofia ya mama mwingine. Wenye maduka mawili na kuendelea, nawaomba: mtu akikuletea habari mbaya, mpe kiti. Ametembea nayo njia nzima akiogopa uso wako.

Leo asubuhi wifi ameniambia gunia la mchele kule nyuma limeanza kunuka unyevu. Mimi sijasikia harufu yoyote. Kwa hivyo mnisamehe sitakaa kwa chakula, naenda kulifungua.