Bi. Priscah Mbodze, Aliyezipigania Mashine Zetu

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Priscah Mbodze anastaafu tarehe 30 Juni 1998. Wengi wetu hapa Maabara ya Kuze tulimkuta kazini, na hatujapata kuijua maabara hii bila yeye.

Alianza kwa kuosha chupa za sampuli. Akajifunza hadubini, akapelekwa mafunzoni, hatimaye akakabidhiwa matunzo ya mashine zote: zisafishwe, zikaguliwe, na ikiharibika mojawapo kabla dhamana haijaisha, kampuni iliyoiuza ije iitengeneze. Aliyeweka kikombe cha kahawa juu ya friji ya damu hakurudia tena. Hata kwenye harusi ya binti wa mwenzetu Mwanaesha, kule Ndia Kuu, aliacha biriani ikipoa akaenda jikoni kusikiliza friji iliyokuwa ikinguruma, akawataka wenyeji waisogeze mbali na ukuta.

Lakini sisi tutamkumbuka zaidi kwa masika ya 1994. Malaria ilikuwa imepamba moto, na mashine mpya ya kuhesabu chembe za damu, ambayo dhamana yake ilikuwa haijaisha, ikazimika. Wakala wa kampuni iliyotuuzia, aliyeko Nairobi, akajibu kwa simu kwamba imeliwa na chumvi ya pwani, na chumvi haimo katika dhamana. Tukarudi kuhesabu kwa hadubini. Macho yalituuma, na majibu ya watoto waliopungukiwa damu yakachelewa. Daktari Aidarus, mkuu wetu, akaona aitwe fundi wa redio kutoka Majengo aifungue.

Bi. Priscah alisimama mbele ya mashine.

"Daktari, tukiifungua sisi, dhamana imekufa. Nipe wiki hii."

"Na wagonjwa je, Priscah?"

"Damu zao nitazihesabu mimi. Mashine isiguswe."

Asubuhi alikaa kwenye hadubini, mchana kwenye simu. Wakala alipoacha kupokea simu zake, alipanda basi hadi Nairobi, akaketi mapokezini kwao mpaka wakamsikiliza. Hakugomba. Alitaka jambo moja: waje waifungue wenyewe, na wakiikuta chumvi, hatawadai tena. Baadaye alituambia kwamba njia nzima ya kurudi alikuwa akiomba Mungu, maana hata yeye hakujua kilichomo ndani.

Fundi wa kampuni, Bwana Lennox, alifika Ijumaa, akaifungua mbele yetu sote. Ndani palikuwa pakavu. Waya mmoja wa umeme haukukazwa vyema tangu kiwandani, ukaungua. Bwana Lennox alikiri palepale kwamba kosa ni lao, akaubadilisha, mashine ikawaka. Sisi tulipokuwa tukipiga makofi, Bi. Priscah alikuwa ameshaanza kudai dhamana irefushwe kufidia siku zilizopotea. Wakakubali. Tangu hapo hatununui mashine ambayo dhamana yake haisemi wazi kwamba inakinga hata madhara ya hewa ya pwani.

Daktari Aidarus alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi, na mpaka leo kisa hiki hukisimulia mwenyewe, tena kwa furaha.

Sasa Bi. Priscah anarudi Kaloleni kwa wajukuu wake. Dada yetu, ahsante kwa msimamo wako, hata siku ambazo ulituchosha. Wakala akituambia haiwezekani, nasi tutapanda basi. Mungu akujaalie afya na raha nyumbani kwako. Maisha yawe mema, tena marefu.