Alfons Zangerl na Kazi Aliyoidharau

Padri, majirani wa Obergries, na nyinyi wanamichezo wa zamani mnaochechemea huko nyuma, nimepewa jukumu la kusoma maisha ya kaka yangu, nami Kreszenz sijui kupamba maneno.

Marehemu Alfons Zangerl alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa hapa kijijini, akasoma hadi 1955, akaingia kiwanda cha jibini alikofanya kazi miaka arobaini na sita, na mwaka 1966 akajipachika ualimu wa mazoezi katika klabu yetu ya kuteleza kwenye theluji, yeye ambaye hakuwahi kushinda hata mbio za kijiji. Kila kiangazi aliwapandisha vijana malishoni na mizigo ya nyasi mbichi mgongoni, akawaamuru wachuchumae na kuinuka mpaka wakatapika, eti mapaja ndiyo yanayoshinda mbio, na kabati la medali alilolichonga mwenyewe likaishia kuwekwa makopo ya rangi.

Tarehe 12 Oktoba 1968 alimwoa Hedwig, aliyetutangulia, mwanamke mvumilivu kupita kiasi, wakajaliwa mtoto mmoja, Roswitha, mwenye kasi kuliko wote waliozaliwa bonde hili, na Julai 1989, akiwa na miaka kumi na minane na tayari amechaguliwa timu ya taifa, alimwomba baba yake siku moja tu kwa kuwa goti lilikuwa limevimba, naye akamjibu mbele ya klabu nzima, "Kupumzika ni kazi ya maiti." Alhamisi iliyofuata goti lilikatika chini ya mzigo, kwenye njia ya malishoni, na Roswitha hakushindana tena. Kuombwa radhi, hakuombwa mpaka leo.

Mwaka 2022 moyo wake ulidhoofika, daktari akamwamuru alale, naye akawa anachuchumaa wodini ameshika chuma cha kitanda, wauguzi wanamcheka. Tarehe 9 Mei 2024, akipanda na Roswitha kwenye njia ile ile ya malishoni, aliishiwa pumzi, akasema, "Roswitha mwanangu, naomba nipumzike kidogo." Mimi ningemrudishia maneno yake yale yale. Roswitha alivua koti, akamtandikia juu ya jiwe, akakaa naye mpaka alipokata roho, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, majirani walioleta mkate na supu, na wanafunzi wake sita waliombeba leo, ambao walitua jeneza mara tatu njiani, jambo ambalo yeye asingelikubali.

Haya, Alfons, ile kazi ya maiti sasa ni yako, ifanye kwa amani.